Projekta tunayo, video twaonyesha, lakini frakshoni haziingii. Wenzangu mwafanyaje?

Ticha_wa_Kisauni · Jumanne, saa tatu usiku

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa gredi ya tano huku Kisauni, Mombasa, darasa langu lina watoto 58, na jioni nasoma chuo ili niongeze cheti. Naandika refu kidogo mniwie radhi, hili jambo limenikaa rohoni tangu asubuhi.

Muhula huu tulipata projekta, kuna mzazi alituletea Mungu ambariki, na mwalimu mkuu akasema kila mmoja wetu aonyeshe anatumia teknolojia kwenye kipindi maana hata kwenye TPAD, ile tathmini ya kazi ya TSC tume yetu ya walimu, twaulizwa. Nilifurahi wallahi. Jumamosi nzima nikakaa natafuta video ya frakshoni, nikapata moja nzuri sana, ina rangi, ina muziki, kuna pitsa yakatwa vipande na mama wa Kimarekani aeleza kwa Kiingereza chake. Nikanunua bando, nikaishusha kwa simu, nikaitia kwenye fleshi. Jumatatu nikaziba madirisha kwa leso ili kuwe na giza nikawasha. Watoto kimya! Hata yule mmoja ambaye hatuliagi alikua amekodoa macho. Dakika kumi na nne zikaisha wakataka nirudie.

Leo asubuhi nikaandika ubaoni 1/3 na 1/4 nikauliza ipi kubwa. Mikono juu karibu darasa zima, wote 1/4. Nikamwita msichana mmoja ambaye ni hodari sana nikamwambia mamangu hebu nieleze, akajibu bila kusita, "Mwalimu, si nne ni nyingi kuliko tatu." Wenzake wakaitikia eee. Nilisimama pale na chaki mkononi nikaishiwa na la kusema.

Sasa swali langu ni hili. Huko chuoni twasomeshwa nadharia za kujifunza za wale wanasaikolojia wa zamani, Pavlov na mbwa wake, Skinner, Piaget, Vygotsky, twakariri kwa ajili ya mtihani yakaisha. Hizi nadharia zanisaidia nini mimi pale nimesimama na projekta na watoto 58? Na pia tumeambiwa kila mtoto ana njia yake ya kujifunza, huyu wa macho, huyu wa masikio, huyu wa kushika, basi si video ingewafaa angalau wale wa macho? Nianzie wapi, kwenye kifaa ama kwenye nadharia? Naomba mnisaidie kwa mifano, hayo ya vitabuni ninayo tayari.

---

Mzee_wa_Chaki · Jumanne, saa nne usiku

Waaleikum salam mwanangu. Mimi nimefundisha hesabu miaka 31, nimestaafu niko hapa Majengo, na nataka kukwambia kitu kimoja kabla ya vyote, jibu la huyo msichana ni jibu la mtoto anayefikiri. Maisha yake yote nne imekua kubwa kuliko tatu, kwenye maembe, kwenye shilingi, kwenye idadi ya ndugu zake, na haijawahi kumdanganya hata siku moja. Leo waja na namba zile zile umezipigia mstari juu umeweka moja, na mambo yageuka chini juu. Video yako haikumuuliza yeye afikiri nini, imempita kama matatu ya Malindi ambayo imejaa, yeye bado yuko stejini na mzigo wake.

Kuna Ausubel, msaikolojia wa Marekani, 1968 aliandika kwamba jambo kubwa kuliko yote katika kufundisha ni kile ambacho mwanafunzi ashakijua, ukijue hicho kwanza ndipo umfundishe. Mimi nilisoma hayo nikiwa nshafundisha miaka kumi na nikajuta kwanini sikuambiwa mapema. Yaani kipindi chako kizuri cha wiki hii hakikua cha jana, kilikua cha leo asubuhi, pale ulipouliza swali ukajua kichwani mwao mna nini.

Haya, Piaget. Piaget asema mtoto wa miaka saba mpaka kumi na moja hivi ana uwezo wa kufikiri kwa mantiki nzuri tu, lakini mantiki hiyo yataka kitu cha kushika au kitu alichokiona kwa macho yake. Watoto wako wa gredi ya tano wako hapo hapo. Picha ya pitsa ukutani haishikiki, na wengi wao pitsa hawajaila. Sasa fanya hivi, tafuta mikate ya sinia miwili iliyo sawa, iweke juu ya meza mbili mbele ya darasa. Usikate bado. Sema meza hii watakaa watu watatu wagawane sawa, meza ile watu wanne wagawane sawa, kila mtu achague atakapokaa. Waache wachague, waulize kwanini, ndipo ukate. Ukimaliza kukata piga picha kwa simu yako, iweke kwenye hiyo projekta iwe kubwa ukutani, na juu ya picha hiyo hiyo ya mkate wao andika 1/3 na 1/4. Hapo projekta imefanya kazi yake, imeunganisha walichokigusa na alama ya hesabu.

Skinner usimtupe. Huyu bwana 1953 alikwenda kukaa kwenye darasa la hesabu la binti yake, akaona watoto wote wafanya hesabu na hakuna anayejua kama amepata ama amekosa mpaka mwalimu asahihishe, na wale wepesi wakaa bure na wale wazito wameachwa. Likamuuma, akatengeneza mashine ya kufundishia, mtoto ajibu swali dogo dogo na pale pale ajua jibu lake ni sawa au la. Hizo kwizi za kwenye simu mnazozitumia leo ni wajukuu wa mashine ile. Zafaa, lakini zafaa kwa mazoezi, mtoto akisha kuelewa. Ukimpa kwizi mtoto ambaye aamini nne ni kubwa kuliko tatu, ataambiwa umekosa, umekosa, umekosa, mwisho atabahatisha tu akibonyeza huku na huku mpaka ipite. Nimeona kwa macho yangu kwa mjukuu wangu.

---

fundi_Mtopanga · Jumatano, saa moja asubuhi

Mwalimu pole na hongera kwa bidii. Mzee wetu heshima yako lakini mimi naona tatizo ni kwamba projekta ni ubao tu wenye taa, mtoto bado amekaa ametazama mbele kama zamani. Mpe kifaa mkononi! Serikali tangu 2016 imesambaza tableti zaidi ya milioni moja kwenye shule za msingi za umma nchi nzima, zile za watoto wadogo, na shule nyingi nilizoenda kutengeneza nazikuta zimefungwa kabatini kwa sababu zaogopwa kuvunjika. Bwana mmoja wa India aitwa Sugata Mitra 1999 alitia kompyuta kwenye ukuta huko New Delhi karibu na mtaa wa mabanda, akaiacha bila mwalimu, watoto wa mtaani wakajifunza kuitumia wenyewe kwa wenyewe. Wenyewe! Sasa sisi tuna walimu na tuna tableti twaogopa nini. Papert naye, msomi wa hesabu na kompyuta, aliunda na wenzake ile Logo, lugha ya kompyuta, watoto wakawa waiamuru kompyuta ichore. Mtoto akiachiwa atajifunza, mimi mwenyewe nilijifunza kufungua redio kabla sijafundishwa na mtu.

Kama shule yako iko tayari mimi Jumamosi naweza kuja kuziangalia hizo tableti bila malipo, betri nyingi zaweza kufufuka.

---

Bi_Amu_Likoni · Jumatano, saa saba mchana

Kakangu fundi, roho yako nzuri na hilo la kuja kufufua tableti usilirudishe nyuma. Lakini hapo kwa Papert nikurekebishe kidogo kwa heshima. Papert hakusema mtoto aachiwe mashine peke yake, alisema mtoto hujifunza sana akiwa anatengeneza kitu chenye maana kwake ambacho wenzake wataweza kukiona. Hizo ni habari mbili tofauti. Na wale watoto wa Delhi walijifunza kuitumia kompyuta, sawa kabisa, lakini kuitumia kompyuta na kuelewa frakshoni ni safari mbili, moja haikufikishi kwa nyingine.

Nawaeleza tulilofanya huku kwetu maana nimeliona linafanya kazi. Nina klabu ya sayansi ya gredi ya sita, watoto ishirini hivi, kifaa chetu ni simu moja, yangu, na kioo kimepasuka pembeni. Likizo iliyopita walikua waniuliza kuhusu maji kujaa na kupwa, mmoja asema maji hupwa saa zile zile kila siku, mwingine akabisha. Nikasema sawa, tutajua. Tukachagua nguzo moja ya gati ya zamani, tukaichagua ile ambayo waweza kuiona ukisimama nyuma ya ukuta ili mtoto asikaribie maji, na siku nne mfululizo kuanzia saa mbili asubuhi kila robo saa mtoto mmoja kwa zamu apiga picha pale pale, simu ikiwa juu ya jiwe lile lile tulilolichora alama kwa chaki. Mwenzake aandika saa daftarini. Simu ikiisha chaji twaenda kwa muuza maji jirani.

Jioni twakaa chini ya mwembe tukizipitia picha moja moja. Watoto ndio wakatambua, siku ya kwanza maji yalikua chini kabisa mnamo saa nne na robo, siku ya pili ilikua karibu saa tano, siku ya tatu imepita tena mbele. Kukawa na kelele! Wakachora kwenye karatasi ya manila, mistari yao imepinda pinda lakini yasomeka, na wakapata kwamba kila siku yachelewa kama dakika arobaini, hamsini. Mimi nikawaambia wanasayansi wasema wastani ni kama dakika 50, na sababu ni mwezi. Hapo kuna kijana mmoja ambaye darasani hasemagi kitu, kila siku yuko nyuma, babu yake ni mvuvi, akasimama akasema kwao mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yaenda mbali kabisa na kurudi juu kabisa, na katikati ni maji mafu hayana nguvu, ndio maana babu yake hatazami saa, atazama mwezi. Akawaeleza wenzake kwa mkono, hivi na hivi. Siku hiyo mwalimu alikua yeye.

Huyo ndiye Vygotsky mwalimu wangu, sio jina la kukariri. Alizaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, akafa kijana wa miaka 37 kwa kifua kikuu, na neno lake kubwa ni kwamba kuna yale mtoto ayaweza peke yake, na kuna yale hayawezi kamwe kwa sasa, na katikati kuna yale ambayo peke yake hawezi lakini akishikwa mkono na mwenzake ajuaye zaidi aweza. Kufundisha ni hapo katikati. Na huyo ajuaye zaidi si lazima awe mwalimu, yaweza kua mtoto wa mvuvi. Simu yetu haikufundisha chochote, ilishika kumbukumbu ya maji ambayo macho yangesahau, mazungumzo ndiyo yaliyofundisha. Kwa hivyo kwenye darasa lako la 58, kabla hujafikiria kila mtoto na tableti yake, waweke watatu watatu au wanne wanne kwa kifaa kimoja na swali moja la kubishania.

---

Dada_Mkufunzi · Jumatano, saa mbili usiku

Nimefurahia huu mjadala. Mimi nafundisha walimu, nijibu yale mawili ambayo hayajaguswa.

La mtoto wa macho na mtoto wa masikio: liache kabisa. Najua tumeambiwa na hata mimi nilikua nawaambia wanafunzi wangu na leo najutia. 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wa kwanza wao Pashler, walipitia tafiti zilizokuwepo wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ukimpima mtoto ni wa macho ukamfundisha kwa macho atafaulu zaidi. Mtoto kupenda picha ni kitu kimoja, kujifunza zaidi kwa sababu ya picha ni kingine. Watoto wako wote 58 wana macho na masikio na mikono. Swali ni somo lenyewe lataka nini, frakshoni zataka kuonekana na kugawanywa, shairi lataka kusikika.

La pili ni ile video. Dakika kumi na nne, muziki, rangi, lafudhi ya Marekani, na yote kwa Kiingereza kwa mtoto ambaye nyumbani na uwanjani ni Kiswahili. Kuna nadharia ya mzigo wa akili, mwanasaikolojia Sweller aliiandika 1988, msingi wake ni kwamba ile sehemu ya akili ambayo mtu hufanyia kazi mambo mapya ni ndogo sana, yashika vitu vichache kwa wakati mmoja na vikizidi vyamwagika. Mtoto wako alikua atafsiri maneno, afuata muziki, aangalia rangi, akili imejaa hesabu haijafika. Walikaa kimya kwa kua wamevutiwa, na wewe ukasoma kimya chao kama kuelewa, sote hutupata hilo mwalimu.

Video usiitupe. Zima sauti. Cheza nusu dakika tu, ile sehemu pitsa yakatwa, simamisha, eleza wewe kwa maneno yako, changanya Kiswahili pale wanapokwama, kisha waulize kitafuata nini kabla hujaendelea. Video ile ile, mzigo umepungua.

Na kakangu fundi, kuhusu vifaa vingi mikononi, sisi Kenya tuna ushahidi wetu wenyewe. Kule Kisumu walijaribu mradi wa kusoma kwa watoto wadogo, matokeo yakachapishwa 2016. Kundi moja washauri wa walimu walipewa tableti, jingine walimu ndio waliopewa, la tatu watoto wenyewe walipewa vifaa vya kusomea, na wote walikua na msingi ule ule wa vitabu, mafunzo ya walimu na mtu wa kuwatembelea. Watoto walisoma vizuri zaidi, lakini vifaa havikuongeza kikubwa juu ya ule msingi, na kwa upande wa gharama msingi bila vifaa ndio uliokua na faida zaidi. Peru nao waligawa laptopu kwa maelfu na maelfu ya watoto, ripoti ya 2012 ikasema alama za hesabu na lugha hazikupanda. Mimi nazipenda hizi tableti, ninazo na nazitumia, ndio maana nataka zitumike mahali zinapofaa zisije zikarudi kabatini watu wakasema teknolojia haifai.

---

fundi_Mtopanga · Jumatano, saa tatu usiku

Sawa dada, hiyo ya Kisumu sikua naijua. Nakubali. Lakini bado nasema kifaa kilichofungwa hakifundishi mtu yeyote, kwa hivyo tukubaliane vitoke kabatini ndipo tubishane vitumike vipi. Hiyo ya watoto watatu kwa tableti moja na swali moja nimeielewa, yapunguza hata kazi ya kuchaji maana soketi za darasani huwa moja ama hakuna.

---

Maalim_Mji_wa_Kale · Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi

Sabalkheri. Nimesoma yote baada ya alfajiri. Mimi ni mwalimu wa madrasa, si wa shule, lakini kuna jambo naona mmelipita. Mwalimu Kisauni, hata ukiwafundisha kwa mkate wa sinia wakaelewa kabisa, baada ya wiki mbili watakua wamesahau. Sisi huku jambo hili twaishi nalo kila siku kwa watoto wanaohifadhi Qur'ani. Mtoto aweza kuhifadhi kurasa mbili vizuri, ukimpeleka mbele tu bila kumrudisha, mwezi ukiisha zile za kwanza zimeruka. Ndio maana twawafanyisha muraja'a, kila siku kabla ya kupokea kipya atasoma cha jana, na cha wiki iliyopita, na sehemu ya zamani zaidi, tena bila kutazama msahafu. Bila kutazama ndio kazi yenyewe. Akitazama ulimi wapita vizuri na yeye adhani anajua.

Mwanangu wa kiume asomea ualimu akanionyesha kwamba Wazungu nao wameliandika. Mjerumani Ebbinghaus 1885 alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana akaona jinsi kusahau kunavyokua kwa kasi mwanzo kisha kupungua. Na 2006 Roediger na Karpicke huko Marekani waliwapa wanafunzi maandishi, kundi moja likasoma na kurudia kusoma, jingine likasoma kisha likajaribu kukumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikua juu. Baada ya wiki ikageuka, waliojaribu kukumbuka ndio walioshika zaidi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka sana maalim wangu, Mungu amrehemu, ambaye hakujua neno la Kiingereza.

Kwa hivyo kila asubuhi kabla hawajafungua daftari wape maswali matatu tu, la jana, la wiki jana, la mwezi jana. Wajibu kwenye kikaratasi, bila kutazama, bila alama ya kuogopesha. Dakika tano. Hapo hata simu yaweza kukusaidia, sisi twawarekodi watoto wakisoma kisha wajisikilize na wamsikilize msomaji mahiri, makosa ya matamshi wayasikia wenyewe kabla hata sijasema. Hilo zamani halikuwezekana na mimi namshukuru Mungu kwa hizi simu.

---

MamaWawili · Alhamisi, saa nne asubuhi

Samahani mimi ni mzazi tu niko Changamwe. Nawaomba walimu kitu kimoja, mkitumia teknolojia mtukumbuke sisi wa nyumbani. Kazi ikitumwa kwa WhatsApp saa mbili usiku, video, tena nzito, simu ni moja na baba yao yuko nayo kazini, bando limeisha, mtoto alia kwamba ataadhibiwa. Wakati ule wa korona 2020 shule zimefungwa wangu walikua wafuata masomo ya redioni, nilikua napika huku nawauliza walichosikia na walijifunza kwelikweli. Sio lazima iwe kitu kipya. Hiyo ya mkate wa sinia nimeipenda, ningetumiwa ujumbe mfupi "mkigawa chakula leo muulize mtoto kila mtu amepata sehemu gani" ningefanya bila bando.

---

Ticha_wa_Kisauni · Ijumaa, saa moja usiku

Wenzangu, mzee wangu, Maalim, dada zangu, asanteni sana. Mama wa Changamwe huo ujumbe nimeshautuma kwa wazazi wangu, kwa SMS ya kawaida, maneno yako kama yalivyo.

Jana nilifanya. Mikate ya sinia miwili nilimwambia jirani yangu anayepika anipikie sawa sawa, nikaivika kitambaa. Meza mbili. Nikasema chagueni, na kwa sababu nina watoto 58 nikachagua wawakilishi saba na waliobaki wakawa wawaambia wakae wapi. Yule msichana wangu hodari alikua wa kwanza kukimbilia meza ya watatu. Nikamuuliza mbona huko? "Mwalimu, huku twapata kubwa." Nikakata. Wakaonyesha vipande juu darasa lione. Nikapiga picha, nikaiweka ukutani, nikaandika 1/3 juu ya kipande chake na 1/4 juu ya kipande cha meza ya pili, nikanyamaza, nikawaacha watatu watatu wabishane kama Bi Amu alivyosema.

Yule msichana alisimama akikodolea ukuta, mkate uko mkononi hajaula. Akatazama meza ya pili akahesabu waliokaa kwa kidole. Kisha akageuka kwangu akasema, polepole, "Mwalimu, kumbe ile nne ni watu."

Darasa likarudia. Ile nne ni watu! Wa nyuma wakawa wawaeleza wenzao, wakiwa wengi kila mmoja apata kidogo. Kuna mmoja akauliza basi tukija sote 58 kwa mkate mmoja itakua 1/58, wakacheka wakasema hiyo ni makombo. Mimi sikua nimewafundisha 1/58.

Leo asubuhi nikaanza na vikaratasi vya Maalim. Nikauliza 1/5 na 1/6 ipi kubwa na kwanini, bila mkate, bila picha. Wengi wamepata na wameandika neno watu kwenye sababu. Kumi na saba bado. Nimeziweka karatasi zao kando, nimezisoma moja moja, na naona si kosa moja, kuna ambao wamerudi kwenye sita ni kubwa, na kuna watano ambao wamegeuza kila kitu, sasa waamini namba ndogo chini ndiyo kubwa siku zote hata juu kukiwa na namba nyingine, mmoja ameniandikia 1/2 ni kubwa kuliko 3/4 kwa sababu watu ni wawili. Hao watano naona ni mimi niliyewapeleka huko kwa mfano wangu, kwa sababu kila mtu pale alichukua kipande kimoja tu. Jumatatu nataka mtu wa meza ya wanne apewe vipande vitatu.

Fundi, kakangu, mwalimu mkuu amekubali tufungue kabati. Njoo Jumamosi saa tatu, tableti ziko ishirini na mbili, soketi moja. Nitakua hapo na wale watoto watano pia, mama zao wamekubali, ukiwa watengeneza mimi nitakua nao kwenye dawati la mbele na mkate.